Nyumba ya Saba

Katika chumba cha maiti, Sista Tekla alilifunua shuka kuanzia miguuni, akaishia mapajani.

"Huko juu hakuna neno," alisema. "Kichwa kizima, kifua kizima. Ulichokifuata Iringa ni huu mguu."

Inspekta Andendekisye aliinama. Alikuwa ametoka Mbeya alfajiri kwa Landrova ya polisi, makalio yameshakufa ganzi, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni isipokuwa kikombe cha chai ya vuguvugu pale Ipogolo, kabla ya kupanda mlima kuingia mjini. Mguu wa kulia wa marehemu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Juu ya kifundo kulikuwa na mikato midogo kumi na minne. Juu ya goti ilionekana alama pana ya mkanda, na mkanda wenyewe uliwekwa kando kwenye sahani ya bati. Ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, kama ule ambao wafugaji huufungia miguu ya nyuma ya ng'ombe wanapomkamua.

Marehemu alikuwa Mheshimiwa Ambrosi Mgaya, Mbunge, aliyechaguliwa miezi mitano tu iliyopita. Maiti yake iliokotwa Jumatano asubuhi kando ya barabara kuu, chini huko Usangu, na kwa kuwa lori lililoiokota lilikuwa linaelekea Iringa na dereva hakutaka kugeuza, ikaletwa Iringa. Askari waliopanda lorini kuitazama waliandika ripoti fupi: kafungwa, kakatwakatwa, katupwa. Mtu mmoja alikuwa mahabusu tayari, mfugaji wa miaka thelathini aitwaye Budeba. Dereva alimkuta ameketi kando ya maiti, shati limelowa damu, wala hakukimbia. Alipoulizwa alitoa maneno matano, "Mkanda wangu. Damu ni yake," kisha akafunga mdomo. Jumatatu angesomewa shtaka la kuua, na kwa shtaka hilo hukumu ni moja tu, kamba. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Kuna jembe lilikutwa ndani ya gari lake, lina tope jekundu," alisema Andendekisye. "Mbeya wanasema alipigwa nalo."

"Wapi? Nionyeshe."

Hakuwa na pa kuonyesha. Alitoa daftari, akapiga mstari juu ya neno jembe. Kisha akauchukua mkanda na kuugeuzageuza.

"Aliletwa na fundo hilihili?"

"Hilohilo. Nilivuta ncha moja likaachia."

Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua tangu aliposoma ripoti. Mtu ukimfunga ili umtese, humfungi mguu mmoja, tena humfungi kwa fundo ambalo mwenyewe anaweza kuliachia kwa vidole viwili.

"Na hii mikato, sista?"

"Wembe. Tazama, yote urefu mmoja, kina kimoja. Mwenye hasira hakati hivi. Na huu weusi ni dawa, imesuguliwa ndani ya chale."

"Nyoka."

"Fizi zilitoka damu. Damu ya chale nayo haikuganda, shuka la kwanza lililowa lote. Nimewapokea wengi wa namna hiyo kutoka huko kwenu bondeni."

"Basi andika."

"Nitaandika inawezekana." Sista Tekla alilifunika shuka, akalinyoosha kama anatandika kitanda. "Aliyemchanja amekata juu ya alama za meno, kama zilikuwepo. Nisichokiona siapii, bwana Inspekta. Mtafute aliyeshika wembe. Huyo ndiye anayeweza kuapa."

* * *

Hapa lazima habari ya jembe isemwe, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini Mbunge alitembea peke yake mvuani katika jimbo lake mwenyewe.

Uchaguzi wa Oktoba chama kilisimamisha wagombea wawili, kama kawaida, mmoja akapewa alama ya Jembe na mwingine alama ya Nyumba. Timotheo, wa Nyumba, hakuficha kitu. Alisimama mbele ya wafugaji akawaambia kwamba mbuga italimwa mpunga na ng'ombe watahama, na nusu ya mkutano ikaondoka kabla hajamaliza. Ambrosi wa Jembe alikuja kesho yake. Alikunywa maziwa ya mgando, akacheza ngoma mpaka viatu vikajaa vumbi, akaapa kwamba ng'ombe hawatoki. Siku ya kura wanawake walikuja na majembe begani, ikabidi msimamizi awaombe wayaache nje. Jembe lilishinda kwa mbali sana.

Februari Mheshimiwa akarudi. Alikuja ndani ya gari lake, amekaa bega kwa bega na Timotheo, akafungua karatasi na kusoma kwamba ifikapo mwisho wa Juni ng'ombe wote wawe wametoka. Shamba jipya la mpunga lilikuwa limeshapata meneja, naye ni Timotheo, na mwenyekiti wa bodi, naye ni Mheshimiwa mwenyewe. Watu walikuwa wamechagua Jembe, wakaletewa Nyumba ikiwa na paa lake na milango yake. Hakuna aliyezomea. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakaondoka, na mmoja wao akaliacha jembe lake ndani ya gari la Mbunge. Ndilo lile lenye tope jekundu.

Andendekisye naye alikuwa na mbunge wake, huko kwao Tukuyu, ambaye tangu siku ya kuapishwa alionekana mara moja tu, gazetini. Kwa hiyo habari hii haikumshangaza. Alilala Makambako, na Jumamosi asubuhi akateremka Usangu.

* * *

Mwabulenga ni nyumba saba za Wasukuma zilizojipanga kwa umbali kwenye ukingo wa mbuga, kutoka mahali gari la Mbunge lilipozama topeni mpaka karibu na barabara kuu. Dereva wake, Philbert, alikuwa ameshahojiwa. Siku ile ya Jumanne jioni aliondoka kwenda kutafuta trekta, akalala huko kwenye trekta, na watu wanne walimwona. Mbunge aliachwa garini. Mvua ilipozidi, alitoka kutafuta pa kujificha.

Magesa, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa anachonga nira mbele ya nyumba ya kwanza. Walisalimiana kwa urefu unaotakiwa, habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, ndipo Andendekisye akafungua daftari.

"Mzee, Jumanne Mbunge alifika hapa?"

"Alifika. Alipiga hodi."

"Ukamfungulia?"

"Hapana."

Inspekta aliinua macho. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na maswali aliyokuwa ameyapanga yote yalikuwa ya kuvunjia uongo.

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua. Alitaja jina." Magesa alipuliza vumbi la mbao. "Kuna sheria gani, afande, inasema nimfungulie?"

"Hakuna."

"Basi andika."

Akaandika. "Alikuwa ameumia? Anachechemea?"

"Alikuwa anatembea vizuri kabisa. Nilimchungulia kwenye ufa wa mlango mpaka akafika kwa Bujiku."

"Na kwa Bujiku?"

"Utamwuliza Bujiku. Lakini hakumfungulia. Tulikaa, afande. Wanaume wote, baada ya ile karatasi yake. Hatukumtukana, hatukumgusa. Tulikubaliana hasalimiwi, hapewi maji, hapewi moto, mlango haufunguliwi. Atakayempa, naye ni hivyohivyo, yeye na nyumba yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipe ng'ombe tulizomtoza faini, au mpaka afe."

"Amekufa."

"Ndiyo," alisema Magesa, kwa sauti ya mtu anayeambiwa leo ni Jumamosi. "Amekufa."

Andendekisye alitazama kilima cha vipande vya mbao miguuni pa mzee. Hakusikia hasira yoyote katika sauti ile, na hasira angejua la kuifanya. Akauliza swali lake la mwisho, alilolibeba tangu Iringa.

"Hapa kijijini, nani anajua kumchanja mtu aliyeumwa na nyoka?"

Shoka la Magesa lilisimama. Alimtazama Inspekta, kisha akaitazama njia inayoshuka kuelekea barabarani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Nauliza tu."

"Zamani walikuwepo wanaojua," alisema Magesa, akaanza kuchonga tena. Inspekta alipofika kwenye njia aligeuka, akaona mzee ameshaiacha nira na anaingia nyumba ya jirani.

Alipita mlango kwa mlango. Bujiku alisema hodi ilipigwa mara tatu na mvua ilikuwa kubwa. Wa tatu alisema mara mbili. Wa nne alisema Mbunge aliwataja watoto wake kwa majina, aliyakumbuka yote tangu wakati wa kampeni. Wa tano alisema hakuhesabu. Kila mmoja alimwona akienda kwa mwenzake akiwa mzima, akitembea kwa miguu miwili. Polisi huishi kwa kutegemea watu kuficha. Hawa walisema kweli wote, na kweli yao haikumtoa Budeba mahabusu wala haikumwingiza mtu mwingine.

Wa sita alikuwa Ng'washi, mjane mnene aliyekuwa anapika nje, chini ya kibanda cha nyasi.

"Alipiga hodi," alisema. "Nilikuwa nasonga ugali. Nikaendelea kusonga."

"Baada ya hapo?"

"Akateremka kule kwenye majani, kama anakwenda kwa Nyamizi. Huko sikuona tena, majani ni marefu."

"Bado anatembea vizuri?"

"Vizuri."

Inspekta aliteremka kwenye majani. Kilikuwa kibonde kidogo chenye njia nyembamba, majani yanafika kiunoni, chini kuna maji. Alitembea akiangalia anapoweka buti. Ng'ambo yake, kama hatua mia mbili, ilisimama nyumba ya saba, ya mwisho kabla ya barabara. Ni ya Nyamizi, mama yake Budeba.

* * *

"Mwadila, mama," Inspekta alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone," Nyamizi aliitikia, yaani mwanangu. "Kaa."

Alimpa kigoda. Alikuwa mwanamke mkavu wa miaka sitini na kitu, shingo ndefu, mikono haitulii. Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Jiko la mafiga matatu mbele ya mlango lilikuwa limezimika. Andendekisye, kwa mazoea yake ya kuandika vitu kabla ya kuandika watu, aliandika: kigoda, ungo, taa ya chemli imetundikwa, kiberiti kimechomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mlango, mkanda wa kukamulia haupo.

"Mama, Jumanne Mbunge alipiga hodi hapa?"

"Hapa hakupiga."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mimi nililala mapema."

Inspekta alichora nukta saba kwenye daftari, gari upande mmoja, barabara upande wa pili. Akamgeuzia aone.

"Nyumba sita zimeniambia alipiga hodi na hazikufungua. Hakuna hata moja iliyonificha. Hii yako ndiyo iko karibu na barabara, na ina taa. Mtu aliyebisha milango sita mvuani hawezi kuuruka wa saba. Wewe peke yako ndiye unayesema hakupiga. Kwa hiyo wewe ndiye uliyefungua."

Nyamizi alitoa jiwe kwenye choroko, akalitupa kando.

"Budeba anasemaje?"

"Anasema mkanda ni wake na damu ni ya yule."

"Basi ni hivyo."

"Siyo hivyo. Jumatatu anasomewa shtaka. Akikaa kimya nawe ukikaa kimya, watamnyonga."

"Najua kunyonga," alisema Nyamizi. "Alipokuwa anambeba yule mgongoni aliniambia, mama, wewe ulilala, hukuona kitu. Mtoto akikuambia hivyo unafanyaje?"

Andendekisye aliiweka kalamu chini. Alisubiri. Kazi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa kusubiri, na hapo aliifanya vizuri.

"Alikuja anatambaa," Nyamizi alisema mwishowe. "Alisema nyoka, nyoka, kwenye majani. Nilijua ni yeye. Nilijua na mkutano ulivyosema. Baba yangu alikuwa mtu wa nyoka, alinifundisha nikiwa hivi." Aliweka kiganja usawa wa kiuno. "Mkono ulifanya wenyewe. Nilimfunga mkanda wa Budeba, nikamchanja, nikasugua dawa. Lakini joka lile ni kubwa, na yeye alikuwa amelala majanini muda kabla ya kuanza kutambaa."

"Alisema nini?"

"Alishukuru. Halafu akaniuliza kama nilimpigia kura."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia ndiyo, Jembe. Nilikwenda na la kwangu begani. Akanyamaza. Hakusema tena mpaka Budeba alipotoka kwa ng'ombe. Tulikubaliana ampeleke barabarani apate gari. Akafia mgongoni, njiani."

Inspekta aliandika kila neno, akamsomea. Mama alikubali kwa kichwa penye kukubali, akasahihisha mahali pamoja, kwamba wembe ulikuwa mpya na alikuwa ameuchemsha.

"Nahitaji kidole chako hapa chini," alisema Andendekisye. "Na Jumatatu nikuchukue, uyaseme haya Mbeya mbele ya hakimu."

"Na watu watasikia."

"Watasikia."

"Kisima ni cha akina Magesa. Njia ya ng'ombe inapita kwa Bujiku. Wewe unajua kukaa bila watu, afande? Nikifa nani atanichimbia?"

"Mbeya kuna nafasi. Naweza kukutafutia chumba Ilomba."

"Na ng'ombe zitakaa Ilomba?"

Kuku alipita kati yao, akadonoa choroko iliyoanguka. Hakuna aliyemfukuza.

"Nikiweka kidole, Budeba anarudi," alisema Nyamizi, akihesabu kwa sauti. "Anarudi kwenye nyumba isiyosalimiwa. Nisipoweka harudi, na mimi nasalimiwa. Ndiyo aliyoichagua yeye hiyo." Kisha akamtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe kwa Magesa uliuliza nini?"

"Niliuliza mengi."

"Kuhusu nyoka."

"Niliuliza nani anajua kumchanja mtu wa nyoka."

"Mwabulenga nzima ni mimi peke yangu," alisema Nyamizi. "Tangu tuje kutoka Shinyanga ni mimi. Magesa mwenyewe nimemchanja mwaka juzi."

Kalamu ya Andendekisye ilisimama juu ya karatasi. Aliona tena shoka likisimama, na mzee akiingia nyumba ya jirani. Kwa swali moja alikuwa amemtaja huyu mama mlango kwa mlango, kisha akatembea mwenyewe kwa miguu, mchana kweupe, mbele ya macho yote, mpaka kwenye kigoda chake. Alijiona mjinga, na ujinga wenyewe haukumfaa mtu kitu kwa sasa.

"Labda hawakuelewa," alisema.

"Labda."

Nyamizi aliweka ungo chini. Aliokota kigae cha chungu kilichovunjika, kando ya mafiga, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Subiri kidogo. Mimi na Ng'washi miaka minane tunapeana moto. Wangu ukizimika nakwenda kwake, wake ukizimika anakuja kwangu. Ngoja nikachukue."

Alishuka kwenye kibonde kwa njia ileile nyembamba, kigae mkononi. Kwa muda kilionekana kichwa chake tu juu ya majani, halafu akapanda upande wa pili. Inspekta alisimama ili aone.

Ng'washi alikuwa bado anapika. Nyamizi alisimama penye ukingo wa kibanda, mahali mgeni husimama akisubiri kukaribishwa, na kutokana na jinsi alivyoinamisha kichwa ilikuwa wazi amepiga hodi. Ng'washi hakuinua uso. Alikoroga mara mbili tatu. Kisha akaipua sufuria, akaiweka chini taratibu, akachukua ndoo na kumwaga maji juu ya moto wake mwenyewe. Mvuke mweupe ukapanda, ukafunika kibanda chote. Ulipopungua, Nyamizi alikuwa ameshageuka anarudi, na nyuma yake Ng'washi amekaa mbele ya majivu yaliyolowa, mikono mapajani, akiwa na ugali ambao haujaiva.

Nyamizi alirudi kwa mwendo uleule aliokwenda nao. Alikifudikiza kigae chini, akaketi.

"Lete wino."

Andendekisye alifungua kopo la wino. Alimshika dole gumba, likiwa gumu, limepasuka, akalikandamiza kwenye wino kisha kwenye karatasi. Alama ilitoka safi. Aliandika tarehe, na saa, saa tisa na robo alasiri, akatia sahihi yake chini kama shahidi. Budeba alikuwa amepona. Inspekta alijaribu kulifurahia hilo, akaona halifurahiki.

Alisimama aage, asijue la kusema. Akapapasa mfuko wa koti, akatoa kiberiti chake, akamnyooshea.

"Chukua, mama. Uwashe."

Nyamizi alikitazama. Kisha akanyoosha mkono juu ya mlango, akachomoa kile cha kwake kwenye nyasi, akakitikisa njiti zikalia, kimejaa.

"Kiberiti ninacho, ng'wanone," alisema. "Sikwenda kutafuta moto."